Safari ya Mbawakawa: Kutoka Tongoni hata Amani

Watu wengi waendao Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, hupanda huko kwa ajili ya miti yake mirefu, au kwa ajili ya baridi yake ambayo ni rehema kwa mtu atokaye katika fukuto la Tanga, au kwa ajili ya lile ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipata katika nchi hii mwaka 1892 akalipeleka kwao, na ambalo leo limekaa madirishani mwa nyumba za ulimwengu mzima. Mimi nilipanda kwa ajili ya mbawakawa. Viumbe hawa, ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu mfano wa ngao ili yayasitiri yale laini ya kurukia, wamekwisha kupewa majina na wataalamu aina zipatazo laki nne. Ilhali sisi tukaao nao tangu dahari twawajua wachache tu, nao aghalabu ni wale waliotudhuru: chonga katika mnazi, fukusi katika mchele, dumuzi katika mahindi. Mpwa wangu, ambaye anasoma elimu ya wadudu, alipopata kibali cha kukusanya milimani katika mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, aliniomba nifuatane naye, nami nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Usiku wa kuamkia safari alivitandaza vyombo vyake sebuleni kwangu, na mshangao wangu ulikuwa kwamba sikukuta humo kitu kigeni ila vichache. Palikuwa na karabai ya kale iliyosuguliwa ikang'aa, shuka nyeupe mbili, mwamvuli mweupe, kipande cha chandarua, patasi ya seremala, vikombe vya plastiki visivyopungua arubaini, siki, chumvi, sabuni, na mabeseni ya bati. Vigeni vilikuwa vibano vyembamba, vichupa vya spiriti, na chupa moja ya mdomo mpana yenye jasi iliyogandishwa chini yake, ambayo hunyweshwa matone ya ethili asetati, ili mdudu atiwaye ndani afe upesi na viungo vyake visikakamae. Nilimwuliza kama elimu yake yote imo katika mizigo ile. Akasema, "Mjomba, vyombo ni hivi. Lililobaki ni kujua pa kuviweka."

Tongoni

Siku ya kwanza hatukuelekea milimani bali kusini, mwendo usiofika kilomita 20 kutoka Tanga, kwa sababu nilitaka mpwa wangu aanze kwa mbawakawa wa kwetu pwani kabla ya kuwaamkia wa msituni. Tongoni ni mahali pa makimya. Msikiti wa kale umebakiwa na kuta na nguzo, na makaburi yaliyouzunguka, mengine yakiwa na minara ya mawe iliyoanguka na mengine yakisimama bado, yamo katika ardhi hii tangu siku za utajiri wa miji ya mwambao, yapata miaka mia tano na zaidi. Chini yake ni mikoko na bahari. Nyuma yake ni minazi.

Mwenye shamba moja, mzee aliyepanda minazi yake mwenyewe kwa mkono, alitupeleka kwenye mti ambao makuti yake machanga yalikuwa yamefunguka yakiwa na pengo la pembetatu, kana kwamba mtu ameyakunja akayakata kwa mkasi. Ndiyo alama ya chonga. Mdudu huyu huingia usiku katika moyo wa mnazi na kuutoboa wakati kuti lingali limejikunja, na kwa hiyo tundu moja alitoboalo huwa mapengo mawili yanayolingana kuti likunjukapo. Mzee aliupanda mti, akaingiza waya wenye kulabu katika tundu lililojaa nyuzi mbichi, akausokota taratibu huku akisikiliza kwa vidole, akauvuta, na nchani alikuwapo chonga dume, mweusi mwenye wekundu wa mbali, mzito, mwenye pembe moja iliyopinda nyuma ya pua. Kisha alishuka akatuonyesha gogo la mnazi lililolala likioza, akalivunja kwa jembe, na ndani tukaona mabuu yake meupe, manene kupita kidole gumba, yamejikunja kila moja katika chumba chake. "Watu hupigana naye juu," alisema, "naye kwao ni hapa chini."

Maneno yale mpwa wangu aliyaandika katika daftari, na kwa hakika sikusikia baadaye, wala kwa wataalamu wala katika vitabu, fundisho la kukusanya lililoyapita. Atafutaye mbawakawa hutafuta kwanza kuoza, au ua, au kinyesi, au uyoga, au gome lililobanduka. Mdudu mwenyewe ni jawabu la swali hilo. Usiku ule tulikula bada kwa mchuzi wa papa uliokolea tui, tukalala tukiisikia bahari.

Muheza

Njia ya Muheza hupita katika mashamba ya mkonge, safu kwa safu hata macho yachoke. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na yasimuliwa kwamba katika miche elfu moja aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai, nayo ndiyo mama wa mkonge wote uliolijenga jimbo la Tanga. Mara chache watu husema kwamba adui wake naye aliufuata. Fukusi wa mkonge, mweusi mwenye mkonga mrefu kama wa tembo aliyepunguzwa hata akaenea juu ya ukucha, asili yake ni nchi zile zile za Amerika zilikotoka jamii za mkonge. Ni rahisi kumpata: mashina ya mkonge uliokwisha kukatwa hupasuliwa na kuachwa shambani yachache, na baada ya siku chache harufu huwaita wote walio karibu. Tulipata kumi na mmoja katika shina moja, tukawachukua wawili.

Muheza yenyewe ilikuwa imejaa machungwa, yamepangwa kandokando ya njia katika mafungu, na Wabondei, ambao ndio wenyeji, walitukaribisha kwa ukarimu ambao wasafiri wote huusimulia. Nyuma ya mji palikuwa na zizi la ng'ombe, na hapo ndipo nilipofundishwa mtego wa shimo. Mtego huu ni kikombe kilichozikwa, wala hauna zaidi ya hayo, lakini katika kuzika ndimo umo ustadi wake wote. Maana mdomo wa kikombe usipokuwa sawasawa kabisa na uso wa ardhi, ukainuka japo kwa unene wa chane ya ukindu, mbawakawa atembeaye akiugusa huuzunguka kama mtu azungukavyo ukuta, akaenda zake. Ndani hutiwa maji yenye chumvi na tone la sabuni, ili maji yapoteze ule utando wa juu na mdudu azame. Juu huwekwa jani pana lililoinuliwa kwa vijiti vitatu, liikinge mvua. Na kwa wale walao kinyesi, chambo hufungwa katika kitambaa, kikaning'inizwa juu ya kikombe. Msomaji aniwie radhi nikisema kwamba cha ng'ombe hufaa malishoni, lakini kwa msituni hapana kinachokishinda cha mwanadamu. Haya yamejaribiwa katika nchi nyingi, na mtu anayetaka elimu hana budi kuyavumilia.

Asubuhi, pamoja na waliokuwa katika vikombe, tulimwona mmoja aliye huru, akiviringisha tonge lake kwa miguu ya nyuma huku kichwa kikiwa chini, akienda kwa mstari ulionyoka kama uliopigwa kwa uzi. Mpwa wangu alinihadithia kwamba mwaka 2013 wataalamu waliofanya kazi Afrika ya Kusini walithibitisha kuwa jamaa wa mdudu huyu, usiku usio na mwezi, huushika mwendo wake kwa kuutazama ule ukungu wa nyota uliokatiza mbingu, uitwao Njia Nyeupe. Waliwavika baadhi yao vikofia vidogo vya karatasi ngumu ili wasiione mbingu, nao wakapotea. Nimelelewa na mabaharia walioendesha majahazi kwa nyota, na habari ile ilinigusa kuliko nilivyoweza kusema pale.

Kisiwani

Kisiwani ni mlango wa msitu. Hapa mto Zigi hukimbia juu ya mawe, na hapa ndipo lilipoishia tawi dogo la reli lililojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya kwanza ili kuteremsha magogo. Nyumba ya bwana stesheni ingali imesimama, nayo sasa hupokea wageni wa hifadhi. Urefu wa mahali kutoka baharini ni mita 450 hivi, na joto la pwani halijaaga, lakini hewa imekuwa nzito kwa unyevu, na sauti za ndege hutoka juu mno kuliko mtu alivyozoea.

Siku hiyo ilikuwa ya mwamvuli. Huufungua, ukaugeuza juu chini, ukaushika chini ya tawi, kisha ukalipiga tawi kwa fimbo, pigo moja kavu la ghafla. Maana ukianza kwa kulitikisa polepole, mbawakawa huling'ang'ania, bali akishtuliwa hukunja miguu akajiangusha, kwa kuwa kujifanya mfu ndiyo hila yake ya tangu kuumbwa. Katika kitambaa cheupe huonekana wote: wa kijani, wa shaba, wenye madoa, wengine wadogo kuliko punje ya ulezi. Hawa wadogo hawashikiki kwa vidole. Hufyonzwa kwa kichupa chenye mirija miwili, mmoja mrefu wa mpira uingiao kinywani mwa mkusanyaji na mwingine mfupi uelekezwao kwa mdudu, na ule wa kinywani hufungwa kwa ndani kipande cha chandarua ili pumzi ipite na mdudu asipite. Nilipouliza chandarua kile kilitoka wapi, mpwa wangu alikiri kuwa ni cha kitanda changu.

Alasiri niliinua jiwe ukingoni mwa mto, nikaona mbawakawa mweusi mwenye manjano, nikamshika upesi kwa mkono mtupu. Palilia mlio mdogo kama wa kokwa ipasukayo motoni, moshi ukatoka, na vidole vyangu vikaungua na kubaki na doa la kahawia kwa siku sita. Mdudu yule huchanganya dawa mbili katika chumba kilicho mkiani mwake, nazo zikikutana huchemka kufikia nyuzi 100, akazirusha kuelekea anakotaka. Mpwa wangu alinifunga kitambaa cha maji, akanifariji kwa habari ya Charles Darwin, ambaye katika ujana wake, akiwa na mbawakawa mmoja katika kila mkono, alimwona wa tatu asiyetaka kumkosa, akamtia mmoja kinywani ili mkono mmoja uwe wazi. Mdudu yule akammwagia ulimini maji makali, hata akamtema, na wa tatu akampotea pia. Tangu saa ile sikukosa kichupa tupu katika mkono wa kushoto.

Usiku tulitundika shuka kando ya mto, tukawasha karabai kwa muda, tukapata wachache.

Amani

Kupanda kutoka Kisiwani ni kuingia katika hali nyingine ya dunia. Njia hujipinda katika msitu, iliki huota kivulini, na ghafla ukungu hukufunika kama kanga mbichi. Amani iko mita 900 hivi juu ya bahari. Wajerumani walianzisha hapa mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti iliyoletwa kutoka mabara yote; Mjerumani Julius Vosseler, mwanazuoni wa wanyama, aliwachunguza wadudu wa milima hii katika miaka ya mwanzo ya chuo; Waingereza wakakirithi, na baadaye malaria ikachunguzwa hapa kwa miaka mingi. Mwaka 1997 msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Nyumba zile za kale, zenye mapaa yaliyoota kuvu, zingali zikikaliwa.

Tulifikia karibu na nyumba ya bibi mmoja wa Kisambaa. Kazi iliyotukabili ilikuwa kuyachekecha majani yaliyoanguka, kwa kuwa katika majani yale, hususan penye mizizi mikubwa, hukaa mbawakawa wadogo wasiojua kuruka, ambao wengine hawapatikani katika mlima wowote mwingine. Chekecheo ya mpwa wangu ilikuwa imechanika njiani. Nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje na baridi hii?"

Nilimweleza haja yangu. Aliniangalia kitambo, akasema, "Chekeche la unga halitoki jikoni. Lakini liko lililotoboka, na matundu yake ndiyo mtakayo." Akalileta, akafuatana nasi hata ukingoni mwa msitu, na alipotuona tukilitikisa kwa nguvu kama watu wachungao kokoto, alimnyang'anya mpwa wangu. Alichekecha kwa viganja, duara kisha kofi, duara kisha kofi, na vumbi jepesi la msitu likashuka katika shuka huku majani makubwa yakibaki juu makavu na safi. Alichokifanya kwa robo saa sisi tungekifanya kwa adhuhuri nzima. Vumbi lile likatiwa katika vifuko vya nyavu, vifuko vikaning'inizwa ndani ya mfuko mkubwa wa nguo ulioshonwa mwisho kama faneli, na chini yake kichupa cha spiriti. Kwa kadiri vumbi likaukavyo siku mbili tatu, wadudu huukimbia ukavu, wakashuka, wakaanguka. Kabla ya mifuko hii Mtaliano Antonio Berlese alitengeneza, mwaka 1905, faneli iliyotiwa joto ili kuwafukuza vivyo hivyo. Bibi alipouona mfuko umening'inia alisema kwamba ni kifumbu cha kuchujia nazi, ila hiki chasubiri badala ya kukamuliwa, nami sijui maelezo yaliyo bora.

Katika uwazi mmoja tulisimamisha pazia la chandarua cheusi, na chini yake mabeseni ya maji ya chumvi. Nzi na nyuki wakigonga kizuizi hupanda juu wakitafuta mwanga. Ndiyo tabia aliyoitambua Mswidi René Malaise katika hema lake alipokuwa safarini, akabuni mtego wa hema uitwao kwa jina lake. Mbawakawa si hivyo. Yeye akigonga hufunga mabawa akaanguka kama kokwa, na anayemtega juu hampati.

Nao usiku wa karabai nitaukumbuka maadamu nina uhai. Mpwa wangu aliuchagua katika siku za mwisho wa mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa palipo na mbalamwezi taa haina nguvu. Baada ya sala ya magharibi tulitundika shuka ukingoni mwa bustani, ikitazama bonde lenye giza, karabai ikavuma mbele yake. Kwanza walikuja wadogo, kama vumbi lenye miguu. Kisha kumbikumbi, kwa maelfu. Na yapata saa mbili, hewa ikiwa ya uvuguvugu na manyunyu yakianza, walikuja dundu wakubwa, wakiipiga shuka kwa kishindo hata mtu mwenye usingizi angeamka: wenye pembe, wenye mgongo wa shaba, na mmoja mwenye vipapasio virefu kuupita mwili wake, ambaye alipokamatwa alilia kwa kusugua shingo yake. Wataalamu waliowapiga picha za kasi wadudu warukao wameonyesha kwamba wengi huielekezea taa mgongo, kama ambavyo huuelekeza mbinguni; basi hawaipendi taa, bali imewapotezea juu na chini. Nilipoyasikia hayo niliona haya kidogo mbele ya karabai yetu, na nikashukuru mpwa wangu alipoizima saa nne, akakung'uta shuka kwa upole ili waliobaki waende zao.

Kulipokucha tulikaa barazani kuwatengeneza. Pini hupita katika bawa gumu la kulia, karibu na bega, kamwe si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima, na ncha itokee kati ya miguu ya pili na ya tatu. Wadogo hugandishwa kwa gundi katika ncha ya kikaratasi cha pembetatu. Kisha huja lebo, na hapo mpwa wangu, aliye mpole katika mambo yote, hakuwa mpole: nchi, mahali, urefu kutoka baharini, siku, mwezi kwa tarakimu za Kirumi usije ukachanganywa na siku, jina la mkusanyaji, na namna alivyopatikana, kwa wino mweusi usiofutika. "Mjomba, asiye na lebo hakukusanywa," alisema. "Ameuawa tu." Alfred Russel Wallace alirudi kutoka visiwa vya Malai na mbawakawa wapatao 83,000, na kilichowapa thamani hata leo ni kwamba alizingatia kisiwa gani kimemzaa nani.

Kwamkoro

Siku ya mwisho tulikwenda Kwamkoro, penye mashamba ya chai yaliyonyolewa sawasawa kama zulia, na msitu ukisimama ghafla penye mpaka wake. Mzee aliyetuongoza aliyachagua magogo kwa pua. Linukalo uchungu huliacha; linukalo uyoga, alisema, lina wenyewe. Tulilibandua gome kwa patasi, tukaona chini yake mbawakawa bapa kama jani, walioumbwa kwa ajili ya ule ufa mwembamba. Tulipomaliza, mzee alilirudisha gome mahali pake, akaligeuza gogo kama lilivyolala, upande wa unyevu chini, akalishindilia kwa mguu. Hatukumwambia afanye hivyo. Usiku tukatundika shuka mara ya tatu, penye ukingo wa chai, tukapata haba kwa sababu ya baridi.

Nyumbani Tanga, siku mbili baadaye, binti yangu alikuwa akizikunjua shuka ili azifue, akaniita. Katika pindo la mojawapo palikuwa na mbawakawa aliyekwisha kukauka, wa kijani kibichi chenye dhahabu, mwenye ukingo mwekundu mabegani, mzuri kupita wote tuliokuwa nao sandukuni, na mfano wake haukuwamo. Mpwa wangu alimgeuza chini ya kioo cha kukuzia, akaniuliza shuka hii ilitundikwa wapi. Ilitundikwa Kisiwani, ikatundikwa Amani, ikatundikwa Kwamkoro. Alikaa naye muda mrefu, kalamu mkononi na kilebo kitupu mezani, kisha akaifunika kalamu. Nilimtia mdudu yule katika kasha la kiberiti, juu ya pamba, nikampa mjukuu wangu.